Msoma Makasha ya Risasi

Kabla hajaligusa kasha la mtu, Mwalimu alimtaka mwenye kasha alipakate. Sharti hilo halikuwa na msamaha. Ungekuwa profesa au kuli wa maghala ya uwanja wa ndege, ungekaa kwenye kiti cha plastiki kilichoelekea meza yake, ungeliweka kasha lako mapajani kama mtoto anayesubiri kuchanjwa, na ungelishika kwa mikono miwili mpaka usomaji umalizike. Meza ilikuwa na nafasi ya kutosha, na taa ilining'inia juu ya meza, si juu ya mapaja ya watu. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini tusiliweke kasha pale penye mwanga. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Habari ya kasha ikiwa mbaya, mwenyewe awe amelishika."

Soko lenyewe lilikuwa la Jumapili asubuhi, katika uwanja wa kuegeshea magari huko Hayes, pembezoni mwa London, ambako watu huuza baiskeli za watoto waliokwisha kukua, sahani zisizolingana na redio zisizosema. Kati ya muuza mazulia na mama mmoja wa Kikenya aliyeuza chai ya tangawizi na mandazi, palikuwa na meza ya Mwalimu, meza pekee isiyouza kitu. Watu walimletea makasha ya chuma yaliyowahi kubeba risasi za jeshi, naye aliwaambia yalitengenezwa wapi, lini, na kwa ajili ya silaha gani. Baadhi yao walikuwa Waingereza wanaokusanya vitu vya vita. Wengi walikuwa wa kwetu: manesi wa Kikenya waliotoka zamu, wazee wa Kizanzibari waliokuja na mifuko ya halua kutoka Edgware Road, familia za Kihindi zilizotoka Kisumu na Tanga. Vita vilipokwisha, makasha hayo yaliuzwa ovyo huko kwetu, yakaingia majumbani, yakawa ya unga, ya misumari, ya vyeti vya shule. Watu walipohamia London waliyabeba kwa sababu yanafungika vizuri na hayaingizi maji. Halafu siku moja mjukuu anauliza: hiki kitu ni cha lini?

Upande wa kulia wa Mwalimu palikuwa na kiti cha pili. Anayekikalia alishika tochi, alilaza karatasi juu ya chapa iliyogongwa kwenye chuma na kupitisha penseli mpaka herufi zijitokeze, na alimtamkia Mwalimu kile ambacho macho yake hayakukiona tena. Presha ya macho ilikuwa inamla polepole, na kila mtu pale sokoni alielewa kwamba atakayekaa kulia ndiye atakayesoma baada yake. Nilikitaka kiti hicho kuliko nilivyowahi kuitaka kazi yoyote.

Alikuwa amefundisha ufundi wa chuma katika shule ya sekondari ya hapa London mpaka alipostaafu, na chuma alikijua kwa sauti. Alianza kwa kuligonga kasha kwa pingili ya kidole, kisha alipindua kitako. Kitako kilimwonyesha jinsi bati lilivyokunjwa na mahali lilipolehemiwa. Baada ya kitako alikuja ubavuni, kisha kwenye bawaba, kisha kwenye komeo. Kifuniko alikiacha mwisho kwa kuwa vifuniko huhama. Askari mwenye haraka hufunga kasha kwa kifuniko kilicho karibu, na kifuniko cha kiwanda kimoja huishia juu ya kasha la kiwanda kingine. Maandishi ya rangi hakuyatazama kabisa mpaka amalize chuma. "Usinisomee rangi," alikuwa akisema. "Rangi ni ya mtu aliyelijaza mara ya mwisho. Mimi namtafuta aliyelitengeneza."

Nyumba yake, ghorofa ya chini karibu na mfereji, ilijaa makasha, na hakuna hata moja lililokaa bure. Nyuzi na sindano za marehemu mkewe zilikuwa katika kasha dogo lenye mkono wa turubai. Pasipoti na hati za nyumba zilikuwa katika jingine chini ya kitanda. Sukari, ambayo daktari wake aliikataza kwa maneno makali, ilikaa jikoni ndani ya kasha la risasi za bunduki ya rashasha, lenye raba madhubuti kuzunguka mdomo wake.

"Mwalimu, daktari alisemaje?" nilimwuliza siku niliyomkuta akiteka kijiko cha tatu.

"Alisema niiweke mbali na macho yangu. Hebu nionyeshe kama iko mbele ya macho yangu."

Mtu huyu aliyeishi katikati ya vyombo vya vita hakuweza kuvumilia risasi yenyewe. Kijana mmoja wa Kiingereza aliwahi kuleta kasha lenye ganda tupu la risasi likicheza ndani, kelele kama njuga. Mwalimu aliinuka, akaenda kwa mama chai, akasimama huko ameipa meza mgongo mpaka nilipomhakikishia kwamba ganda limeondolewa. Filamu za vita hakuzitazama. Mjukuu wake alipopewa bunduki ya kuchezea, alimbadilishia kwa kasha, na mtoto akafurahi zaidi kwa kuwa aliweza kuingia ndani mguu mmoja. Nilipomdai ufafanuzi alisema, "Nasoma vyombo. Vilivyomo vina wasomaji wao."

Alidai tarehe ya kila kitu isipokuwa yake mwenyewe. Nesi wa zahanati aliambiwa umri mmoja, mama chai aliambiwa mwingine, na kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake, aliyoiandaa binti yake kwa siri, alisimama kuisahihisha keki mbele ya wageni, ingawa umri alioutaja haukufanana na wowote aliowahi kuutaja. Nilimbana siku moja tukisubiri basi.

"Umri wako hasa ni upi, Mwalimu?"

"Nimepakwa rangi mara nyingi mno, Msomi. Tafuta chapa."

Msomi ndilo jina alilonipa siku ya kwanza, niliposema kwamba nina shahada ya historia na nyingine ya utunzaji wa vitu vya makumbusho. Nililipokea kama heshima. Nilichukua muda mrefu kutambua kwamba ni jina ambalo mtu hulitamka akiwa amenyoosha mkono ili usimkaribie zaidi.

Lakini sifa iliyonivuta kwake, na ambayo ilinifanya nimpende kama tunavyowapenda watu wachache sana maishani, ilikuwa kutokubali kosa lipite. Aliwasahihisha wachungaji na makondakta. Mchuuzi mmoja alimweleza mteja kwamba kasha lake, lenye maandishi makubwa meupe, lilitoka vita vya jangwani. Mwalimu alitoka kwenye meza yake bila kualikwa, akalowesha kidole gumba kwa mate, akakipitisha juu ya maandishi, akamwonyesha mteja kidole cheupe. "Jangwa hili halijakauka," akasema, akarudi kukaa. Mchuuzi hakumwamkia tena, na Mwalimu hakuonekana kuona tofauti.

Nami niliuonja usahihishaji huo. Nilikuwa mgeni pale mezani bado. Nesi mmoja alipakata kasha la babu yake, na Mwalimu akaniambia nisome. Nikasoma chapa iliyo kwenye kifuniko, nikautaja mwaka kwa sauti ya mtu aliyefaulu mitihani yake yote.

"Kifuniko hicho ni cha nani?" akauliza Mwalimu.

"Cha kasha hili."

"Nani alikwambia?"

"Kipo juu yake, Mwalimu."

"Hata kofia yangu ipo juu yangu. Niliikuta ndani ya basi."

Watu walicheka. Nesi mwenyewe alicheka kwa huruma, ambayo inauma zaidi. Mwalimu alinipa tochi, akaniamuru nipige magoti kwenye lami nikasome kitako cha kasha juu ya mapaja ya mama wa watu, na mwaka niliousoma huko ulikuwa mwingine. Jioni yake, tukikunja meza, aliniambia, "Kosa likipita mbele yangu, nimelitia sahihi." Nilikwenda nyumbani nimefedheheka na nina furaha. Nilikuwa nimesoma kwa walimu wengi ambao waliiuza kweli kwa adabu. Hatimaye nilikuwa nimempata ambaye hakuwa na bei.

Tuliwahi kugombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa maana. Niliamini, na ninaamini bado, kwamba makasha yale yana deni kwa watu walioyabeba mabegani katika vita ambavyo havikuwa vyao, wapagazi na askari wa kwetu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Nilitaka kufanya maonyesho katika ukumbi wa jumuiya. Nilimpelekea mpango wangu, nikamsomea akiwa anakunywa chai yake ya dhambi.

"Kasha hili la tatu," akasema, "kadi yake itasema lilibebwa na nani?"

"Na wapagazi."

"Nimeuliza nani."

"Hatujui, Mwalimu."

"Basi andika hivyo. Hatujui."

"Hakuna atakayepanda treni kuja kutazama kasha linalosema hatujui!"

"Mimi nimeishi na nyumba nzima ya makasha hayo," akasema, akanisukumia sahani ya mandazi, na huo ukawa mwisho wa mjadala. Maonyesho niliyafanya. Alikuja, akasoma kila kadi huku pua yake ikikaribia kugusa karatasi, akasahihisha mbili, akaenda zake. Nilizibadilisha zile kadi mbili siku hiyo hiyo.

Binti mmoja wa mtaa wa Stanmore alikuja majira ya kuchipua, amelibeba kasha kwapani kama mkoba wa harusi. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno, amezaliwa hapa hapa London. Bibi na babu yake walikuwa na duka Kisumu kabla ya kuhamia. Kiswahili chake kilikuwa kile alichokiokota jikoni kwa bibi yake. Hakuamkia. Alisimama mbele ya mzee yule ambaye kwa miaka yote nilimpa shikamoo kabla ya kuvuta pumzi, akasema kama anayemkuta mwenzake dukani:

"Habari yako, Mwalimu! Hii sanduku ni ya nyanya yangu. Iko na unga ndani, ya chapati. Mimi siwezi toa, yeye atanipiga."

"Unga umo ndani sasa hivi?"

"Ndiyo. Nusu."

Mwalimu alicheka. Sijui kama naweza kumweleza msomaji ukubwa wa jambo hilo. Alicheka mpaka akavua miwani, akajifuta macho yale mabovu kwa ncha ya skafu, akacheka tena. Nilikuwa nimemletea mtu huyu utafiti, maswali, utii na Jumapili zangu zote, na sikuwahi kumchekesha hata kwa bahati mbaya. Akalisoma lile kasha na unga wake, unga ukimwagikia suruali nyeusi ya msichana kila alipoligeuza, nao wote wawili wakiwa weupe mpaka viwikoni.

"Iko ya vita kweli?"

"Ni la vita kweli, mwanangu."

Mwanangu. Kwa nusu saa tu ya unga.

Akaanza kuja kila Jumapili. Alichelewa. Alikula mandazi juu ya makasha ya watu. Simu yake ililia katikati ya usomaji, naye akaipokea, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba yuko "na babu wa makasha". Hakuwahi kuuliza, hata mara moja, ni nani aliyeyabeba. Na alikuwa hodari. Hilo ndilo lililoninyima raha ya kumdharau. Vidole vyake vilizoea kutafuta ufa mdogo mahali pasipoonekana. Alikuja na sindano yake ya kupimia meno, akaipitisha juu ya rangi iliyoganda kwenye bawaba, akasema, "Hapa chini kuna kitu," na kweli palikuwa na chapa ya kiwanda ambayo Mwalimu na mimi tulikuwa tumeipita.

"Umeijuaje?" Mwalimu alimwuliza.

"Kama jino, Mwalimu. Ukigusa, iko na sauti ingine."

"Umesikia, Msomi? Kama jino."

Nilisikia. Nilisikia pia kwamba yeye aliposema "hii sanduku" na "hii kasha" hakuna aliyemkatiza, ilhali mimi niliwahi kusimamishwa katikati ya sentensi kwa ulimi ulioteleza mara moja. Alipokosea mwaka, alisahihishwa, maana mwaka ulikuwa mwaka. Lakini kusahihishwa kwake kulikuwa mchezo. Alijipiga paji la uso, akasema "Aki, mimi mjinga!", Mwalimu akasema "Mjinga kabisa," na wote wawili wakaonekana kana kwamba wamepata zawadi.

Jumapili moja nilichelewa kwa sababu ya kikao cha maonyesho. Nilipofika alikuwa amekalia kiti cha kulia, tochi mkononi. Alikurupuka mara moja.

"Dada, sori! Kaa, kaa hapa. Mimi nilikuwa nashika tu."

"Kaa tu, mwanangu," akasema Mwalimu, bila hata kugeuka. "Msomi atajitafutia kiti."

Nilijitafutia. Kilichobaki kilikuwa kile cha plastiki cha wenye makasha, nami sikuwa na kasha.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi kwa ajili yao. Nimefundishwa, na nafundisha wengine, kwamba maarifa si mali ya mtu na kwamba mwalimu mwema hugawa bila kupima. Nayaamini hayo yote. Lakini nilikuwa nikilala na kuamka na sauti ile ya kicheko, nikihesabu nani alikipata na nani hakukipata. Nilijikuta nikisoma juu ya makasha kwa bidii ya mtu anayesomea kesi. Niliyajua makasha ya viwanda vya Uingereza, ya Marekani, ya Uhindi. Kwa kusoma, nilimpita yule msichana kwa mbali sana, na kila nilivyompita ndivyo meza ile ilivyozidi kuwa yake.

Siku ilifika ambapo Mwalimu hakuiona tochi yenyewe. Nilimtembelea nyumbani katikati ya juma, nikampikia chai, nikamwekea vijiko vyake vitatu bila hotuba.

"Mwalimu, naomba kukuuliza jambo. Unijibu kama unavyowajibu wenye makasha."

"Basi pakata kitu," akasema. Nikachukua kikombe changu. "Haya. Uliza."

"Kiti chako utamwachia nani?"

"Nimekwisha kumwachia."

Nilikuwa nikijua. Hata hivyo chai ilinimwagikia mkononi.

"Kwa nini si mimi?"

Alitafuta sahani kwa vidole, akaweka kikombe, akakosa katikati, akakisogeza.

"Wewe nakuogopa, Msomi."

"Unaniogopa mimi?"

"Macho yamekwisha. Siku hizi nakosea. Nikikosea mbele yako, kwanza unanyamaza. Nakusikia unavyonyamaza. Halafu unanisahihisha kwa sauti ya hakimu."

"Na yeye hakusahihishi?"

"Yule? Haachi hata kosa moja! Ila anaanza kwa kucheka, nami nacheka, na tukimaliza hatukumbuki kosa lilikuwa la nani."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kosa halipiti."

"Nilikufundisha," akasema. "Ukajifunza kuliko nilivyokusudia."

Nilisafisha vikombe, nikafunga vizuri kasha la sukari, nikaaga kwa heshima zote. Msimu mzima sikukanyaga sokoni.

Kasha lililonirudisha nililiona katika dirisha la duka la hisani la vitu vilivyotolewa sadaka, limejazwa miavuli. Nilikwenda nalo nyumbani, nikalisoma kama nilivyofundishwa, kitako kwanza. Ubavuni, chini ya tabaka nene la rangi ya kijani, palikuwa na chapa ya mshale. Mshale mtupu ni alama ya jeshi la Uingereza. Viwanda vya Kanada viliutumia mshale huo huo, lakini viliuzungushia herufi C, mshale ukakaa ndani ya upinde wake. Rangi ikiwa nene, upinde humezwa, mshale hubaki peke yake, na msomaji mwenye haraka husema Uingereza. Nililaza karatasi, nikapitisha penseli taratibu sana, na upinde ukajitokeza kama mwezi mwandamo. Kasha lilikuwa la Kanada. Jumapili nililipeleka Hayes. Nilijua nilichobeba, na nilijua ni nani atakayekisoma.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kali. Binti wa Stanmore alikuwa amekalia kiti cha Mwalimu, na Mwalimu alikuwa amekaa kulia kwake, kiti kile cha pili, amefunikwa blanketi mpaka kifuani.

"Dada! Umepotea sana!"

"Kazi tu. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Huyo Msomi." Uso wake uligeukia sauti yangu, ukaipita kidogo, ukarudi. "Umeleta kasha au umeleta hoja?"

"Kasha."

"Basi pakata."

Nikakaa, nikalipakata, nikalishika kwa mikono miwili. Msichana alipiga magoti kwenye lami bila kuombwa. Aligonga, akasikiliza. Aligeuza kitako juu ya mapaja yangu, akasoma ulehemu, akasoma mikunjo ya bati, akaitaja silaha, na yote yalikuwa sahihi. Bawaba, sahihi. Komeo, sahihi. Mwaka aliupata, na aliuthibitisha mahali pawili kabla ya kuutamka, kama ambavyo ningefanya mimi. Kisha akafika ubavuni, akamulika.

"Mshale," akasema. "Uingereza."

Nilingoja aipapase ile rangi. Sindano yake ilikuwa mfukoni. Niliiona ncha yake. Lakini nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi, na tayari alikuwa anatabasamu, ameinua uso kumwelekea mzee.

"Iko sawa, Mwalimu?"

Mwalimu alitoa mkono chini ya blanketi. Watu waliniambia baadaye kwamba alikuwa ameacha kabisa kugusa makasha tangu msimu uanze. Nikaliinamisha kasha likutane na vidole vyake. Kidole gumba kilitembea juu ya rangi kama kinachotafuta swichi ukutani, kikaufikia mshale, kikatulia. Kisha kikaondoka kuelekea kushoto, kikateremka kwa upinde, polepole, kikarudi kulia chini ya mshale. Kikauzunguka upinde mara ya pili, kuhakikisha.

Niliutazama uso wake. Uligeuka, na safari hii haukunipita. Ulisimama sawasawa mbele ya uso wangu. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, neno moja, jina la nchi. Kidole gumba hakikuondoka. Kililala juu ya chapa, kikaifunika yote.

"Nimepatia?" akauliza msichana.

"Umepatia, mwanangu."

Akapiga makofi, akasimama akipangusa magoti. "Dada, sanduku yako iko safi sana! Usiuze!" Mzee mmoja wa Kizanzibari alikuwa tayari nyuma yangu na kasha lake, akisubiri kiti. Nikainuka. Mkono wa Mwalimu ulibaki hewani kitambo, pale lilipokuwa kasha, kisha ukarudi chini ya blanketi.

"Msomi," akasema. "Kunywa chai kabla hujaondoka."

"Asante, Mwalimu."

Nikasimama kwenye foleni ya mama chai, kasha limeegemea nyonga yangu, nikawasikia nyuma yangu wakianza kucheka tena juu ya jambo jingine. Mimi, kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kunidanganya hata mara moja.